Malaria Iliyonifuata Hadi Norwei

Tangu nipone, watu wa nyumbani wanaoishi huku Ulaya hunipigia simu na kuniuliza swali lile lile: ilikuwaje? Wengine wanauliza kwa sababu wanajiandaa kwenda kusalimia wazazi. Wengine wamerudi juzi tu na miili yao haieleweki. Nimechoka kueleza vipande vipande kwenye simu, kwa hiyo naandika hapa yote, tangu nilipokuwa mzima hadi nilipokuwa mzima tena. Mimi si daktari. Nitasema niliyoyaona na yaliyoupata mwili wangu.

Naitwa Restituta. Nimezaliwa Nambis, wilaya ya Mbulu, kwa wazazi wakulima wa mahindi na maharage. Norwei nimeishi miaka mingi sasa, na kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Mume wangu, Emanueli, ni Mnyaturu wa Singida na anaendesha basi la mjini. Tuna binti mmoja, Anjela.

Sisi tuliokulia Nambis malaria tuliisikia kwa watu wa mabondeni. Kule juu asubuhi ni ukungu, jioni ni moto wa kuni na blanketi, na mbu ukimwona unamshangaa. Kwa hiyo nilipokuwa nikifunga mizigo ya kwenda nyumbani nilifikiria masweta. Dawa ya kinga hata haikunijia kichwani. Mtu anayekwenda kwao hajioni kama mtalii.

Mwaka ule tulikwenda mimi na Anjela, mwezi wa sita, masika yakiwa yamekatika na watu wakipura maharage. Tulikaa kwa mama Nambis, kisha tukateremka Hanang, kijijini Dirma, kwa kaka yangu Boay. Kaka alihamia kule kutafuta malisho akiwa bado kijana, akamwoa Martha, binti wa wafugaji wa Kibarbaig, akabaki huko huko. Sasa binti yao wa kwanza alikuwa anaolewa.

Ilikuwa harusi ya kukumbukwa. Ndugu walitoka Masieda, walitoka Katesh, walitoka kwenye maboma ya upande wa Martha, wazee wamejifunga mashuka na wanawake wamevaa bangili hadi viwiko. Mvua ilikuwa imeacha madimbwi kila mahali, na ng'ombe walikuwa wakinywa maji karibu kabisa na nyumba. Martha alitupa kitanda chake mwenyewe, chenye chandarua. Anjela alikuwa akiingia humo giza linapoanza tu. Mimi nilikaa nje na wanawake, tunamenya viazi, tunaimba, tunasimuliana habari za miaka yote ambayo sikuwepo. Mbu walikuwa wananiuma miguuni, nami najipiga makofi huku nacheka. Sikujuta siku zile, na hadi leo sizijutii.

Turudi Norwei. Kiangazi cha huku jua halitaki kulala. Saa nne usiku bado kunang'aa, na watu wako kwenye bustani zao wanachoma nyama. Nilikuwa nimerudi kazini kama wiki mbili hivi. Siku moja nilikuwa natandika kitanda cha bibi mmoja, baridi ikanishika ghafla kwenye mgongo, meno yakaanza kugongana. Bibi yule akavua shali yake akanifunika. Mgonjwa alikuwa yeye, na anayefunikwa nikawa mimi.

Nilikwenda kituo cha afya. Chumba cha kusubiria kilikuwa na watoto waliojikwaruza magoti na mzee mmoja aliyeumwa na nyuki. Madaktari wengi walikuwa likizo, na aliyeshika zamu alinisikiliza, akanipima koo, akasema ni virusi vya msimu, nikalale, ninywe maji, nimeze paracetamol. Hakuniuliza nimetoka wapi, na mimi sikufikiria kusema.

Nilikwenda nikalala. Homa ilipanda ikashuka, nikaona nimepona, nikaomba chai. Halafu ikarudi na nguvu kuliko mwanzo. Nikawa natapika hata maji. Viungo viliuma kama nimelima shamba zima peke yangu. Mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Hapo ndipo mimi na Emanueli tulipogombana. Yeye ni mtu wa kufuata maelekezo.

"Tumeambiwa tusubiri," alisema. "Tukirudi mapema watatuona wasumbufu."

"Emanueli, nakufa."

"Usiseme hivyo mbele ya mtoto."

Anjela alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja hadi kitandani, akaniangalia usoni kwa karibu, akamgeukia baba yake. "Baba, macho ya mama yamekuwa kama mafuta ya alizeti."

Emanueli akafungua pazia, akaniangalia kwa mwanga wa jua. Sikuhitaji kusema neno lingine. Alinibeba hadi kwenye gari bila kunivalisha viatu.

Hospitalini tuliambiwa tusubiri, maana kulikuwa na watu wa ajali. Viti vilikuwa vigumu. Niliteleza nikajilaza sakafuni, shavu kwenye vigae, kwa sababu vilikuwa vya baridi na mimi nilikuwa naungua. Watu wakatazama pembeni. Mama mmoja nisiyemjua aliinuka, akakunja koti lake, akaliweka chini ya kichwa changu, akarudi kukaa. Sijui jina lake hadi leo.

Daktari aliyetujia alikuwa mwanamke kijana mwenye nywele zilizofungwa kwa kalamu. Alinishika mkono akauliza, "Umesafiri nje ya nchi hivi karibuni?"

"Nilikwenda nyumbani," nikasema.

"Nyumbani ni wapi?"

"Tanzania."

Hakuuliza swali lingine. Aliinuka akatoka nje karibu anakimbia, na tangu hapo hatukusubiri tena. Damu ilichukuliwa, na aliporudi alichuchumaa ili macho yetu yalingane.

"Una malaria, tena kali. Wadudu kwenye damu ni wengi sana."

"Haiwezekani," nikamwambia. "Mimi ni mtu wa Mbulu."

Emanueli anasema daktari alimtazama yeye kwa msaada, kwa sababu hakujua Mbulu ni kitu gani. Baadaye tulicheka sana. Siku ile hakuna aliyecheka.

Nilitundikiwa dawa ya mshipa nikapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa. Figo zilisimama. Nikavimba hadi pete ya ndoa ikakatwa kwa mkasi maalumu. Nikaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Na kichwa changu kikarudi Nambis: Kinorwei kikapotea, Kiswahili kikapotea, nikawa nasema Kiiraqw peke yake, lugha ya kwetu Mbulu ambayo katika hospitali nzima ile hakuna aliyeijua.

Muuguzi mmoja alimwambia Emanueli, "Mkeo anamwita Mai. Anamwita kutwa nzima. Ni dada yake? Tumtafute?"

Emanueli hakumjua Mai yeyote. Kiiraqw chake ni cha salamu tu. Akampigia simu mama yangu Nambis.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwanangu yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Anaongea, ila sisi hatumwelewi. Anamwita mtu anaitwa Mai. Hebu msikilize."

Akaweka simu karibu na mdomo wangu. Mama akasikiliza. Emanueli anasema alisikia kwanza sauti kama ya mtu anayecheka, halafu akajua kwamba mama analia.

"Ma'ay," mama akasema. "Si mtu huyo. Ni maji. Mwanangu anaomba maji! Mbona hamumpi maji?"

Ikabidi Emanueli amweleze mama mkwe wake jambo gumu kuliko yote: kwamba figo hazifanyi kazi, na kwa hiyo maji siwezi kupewa nitakavyo. Muuguzi alichukua kijiti chenye sifongo, akakilowesha, akanipitishia kwenye midomo. Na mama akakaa kwenye simu. Kila nilipoita ma'ay alinijibu kwa Kiiraqw kwamba yanakuja, mwanangu, yanachotwa, yako njiani. Tangu siku hiyo wauguzi walijifunza neno hilo. Nilipozinduka kidogo kidogo, kitu cha kwanza ninachokikumbuka ni mwanamke wa Kinorwei akiniinamia na kuniuliza, "Ma'ay?" Nilidhani nimefika mbinguni na kwamba mbinguni wanaongea Kiiraqw.

Huku mimi nikipigania uhai, nyumbani kulikuwa na vita vingine. Mama, kwa uchungu wake, alimwambia kila aliyefika kumpa pole kwamba Dirma ndiko kulikonimaliza. Maneno yakateremka hadi kwa kaka Boay. Kaka akampigia Emanueli.

"Shemeji, naambiwa harusi ya mwanangu ndiyo imemuua dada yangu."

"Hajafa, shemeji. Na hakuna anayesema hivyo."

"Mama anasema hivyo. Martha hali chakula. Alitoa kitanda chake, alitoa chandarua chake, sasa anaambiwa ameua."

Upande mwingine wa ukoo ukasema kuna mkono wa mtu, kuna aliyeona wivu. Binamu mmoja akashauri nirudishwe haraka, kwa sababu Wazungu hawaijui malaria. Emanueli alikuwa anatoka kwenye basi, anampitia Anjela, anakuja kwangu, kisha anapokea simu za watu wote hawa. Siku moja, aliniambia baadaye, aliizima simu akaificha kwenye kabati la soksi, akalala kama mtu aliyepigwa nyundo. Namshukuru kwamba aliizima, na namshukuru zaidi kwamba aliiwasha tena.

Homa ilikwisha, wadudu wakaisha kwenye damu, lakini figo hazikuamka. Niliendelea na mashine hadi majani ya miti nje ya dirisha yalipoanza kuwa mekundu. Siku moja ya mashine na kuchoka, siku moja ya kupumzika, basi hiyo ndiyo ikawa kalenda yangu. Uvimbe ulipotoka nilibaki mifupa. Mapaja yalikuwa membamba kuliko mikono ya Emanueli. Nywele zilianza kutoka kwenye mto kwa mafungu, na Anjela akazikusanya kimya kimya ili nisizione. Nilimkuta akizitupa. Tukaketi sakafuni katika bafu la wodi, nikamwomba aninyoe zote.

"Utaonekana kama bibi," alisema.

"Bibi yako ni mzuri."

"Basi sawa," akasema, na kesho yake akaja na mashine ya kunyolea ya baba yake.

Nataka mnaosoma hili mkiwa wagonjwa mlijue jambo moja: habari njema ikija, inaweza kuja kwa sura ya ajabu. Yangu ilikuja asubuhi moja ya vuli. Nilihisi haja ndogo. Ilikuwa muda mrefu sijaihisi, hata nikasita kuamini. Muuguzi akaniletea chombo, na mkojo ukatoka kidogo, kiasi cha kujaza kikombe cha kahawa. Yule muuguzi alikiinua juu kama padre anavyoinua kikombe altareni, akatoka nacho kwenye korido akiwaita wenzake.

Emanueli alipiga simu Nambis hapo hapo. Hakusalimia hata.

"Mama, amekojoa!"

"Nini?"

"Restituta amekojoa! Figo zimeamka!"

Mama alikuwa jikoni na akina mama wa jumuiya waliokuja kusali. Akaweka sauti ya juu, akawatangazia. Vigelegele vilivyotoka kwenye ile simu viliwafanya wagonjwa wenzangu wageuke vitandani. Sidhani kama mkojo wa mtu umewahi kushangiliwa namna ile, wala siku niliyozaliwa sikushangiliwa hivyo.

Kuanzia hapo nilipanda. Si kwa haraka. Kuna wakati damu ilipungua ikabidi niongezewe. Kwanza nilitembea hadi mlango wa wodi nikishika ukuta, kisha hadi kwenye ngazi, kisha ngazi zenyewe nikipanda kwa makalio kama mtoto asiyejua kutembea. Theluji ilipoanguka nilikuwa nyumbani. Wazee ninaowatunza walinitumia soksi za sufu walizofuma wenyewe, nyingine kubwa, nyingine ndogo, hazifanani. Nilizivaa zote. Theluji ilipoyeyuka nilirudi kazini, nusu siku kwanza, nywele zangu zimeota laini kama za mtoto.

Daktari alinifafanulia kitu kimoja tu ambacho nakirudia kwa kila mtu. Kuzaliwa Tanzania hakunikingi. Mwili uliokulia baridini, au ulioishi ugenini miaka mingi, hauijui malaria, na malaria haiangalii pasipoti. Tena yaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kurudi, wakati umeshasahau safari.

Mwezi wa sita mwingine ukafika. Nikasema naenda nyumbani.

"Nambis?" Emanueli akauliza.

"Nambis na Dirma."

"Resti, kwa nini Dirma?"

"Kwa sababu kaka yangu na mama yangu hawasemeshani, na mimi ndiye sababu. Wakinisikia kwenye simu haitoshi. Waniangalie."

Safari hii nilianza vidonge vya kinga kabla ya kuondoka, nikaendelea navyo kama nilivyoelekezwa, nikabeba vyandarua na dawa ya kupaka. Tulikwenda wote watatu. Mama alinipokea getini akanipapasa kichwa, mabega, mgongo, kama anayekagua mbuzi wa kununua, kisha akanikumbatia. Lakini nilipomwambia tunateremka wote Hanang, akakaza uso.

"Mimi Dirma sikanyagi."

"Mama, nililala kwenye kitanda cha Martha. Alinipa chandarua chake, na ndiyo maana Anjela hakuugua. Ungemkuta mjukuu wako kwenye ile mashine ungesemaje?"

Asubuhi mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, ameketi kwenye kiti cha mbele cha gari.

Kaka Boay alitusubiri barabarani, mikono nyuma. Martha alisimama mbali naye, karibu na zizi, hakusogea. Nilimwendea mimi. Nilipomfikia aliziba mdomo kwa kanga.

"Wifi, nilijua hutakanyaga tena kwangu."

"Nimekuja kulala," nikamwambia. "Kitanda changu bado kipo?"

Alicheka na kulia kwa pamoja. Mama alikuja polepole nyuma yangu. Martha akainama kumpa shikamoo, na mama, badala ya kuitikia tu, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Niliongea vibaya, mwanangu. Nilikuwa nimechanganyikiwa."

"Mama, ulikuwa unamlilia mtoto wako," Martha akasema. "Ningekuwa mimi ningesema mabaya zaidi."

Kaka akageuka kuangalia ng'ombe wake muda mrefu, kama mtu anayewahesabu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaagiza kondoo achinjwe. Mzee wa upande wa Martha alituombea baraka, naye kila alipomaliza mstari sote tuliitikia, Wairaqw, Wabarbaig na Mnyaturu wangu. Giza lilipoingia tulihamia ndani, nikatundika vyandarua nilivyoleta juu ya kila kitanda cha nyumba ile. Nilisikia mbu mmoja akilia nje ya neti. Mwili ulisisimka, nakiri. Kisha nikalala usingizi mzito hadi jogoo walipowika. Nilirudi Norwei, wiki zikapita, nikapimwa, sina kitu.

Kama wewe ni mmoja wetu, na umetoka nyumbani, na mwili umepata moto, usisubiri kuulizwa. Ingia, sema kwa sauti: nimetoka Tanzania, nipimeni malaria leo. Wakikuambia ni mafua, rudia. Wakikuambia rudi kesho, kaa pale pale.

Hivi ndivyo nilivyomwambia Lohay. Lohay ni baba wa watoto wawili, mtu wa Hanang, anafanya kazi ya samaki kaskazini mwa Norwei. Alikuwa amerudi juzi tu kutoka kumzika baba yake huko Hanang. Alinipigia akitetemeka, sauti inakatika.

"Dada Resti, wameniambia nikapumzike."

"Uko wapi sasa?"

"Natoka mlangoni mwa hospitali."

"Geuka. Rudi ndani. Sema umetoka Tanzania, wakupime malaria leo, na usitoke mpaka wachukue damu."

Nilirudi kazini kwangu, lakini moyo haukuwepo. Nilikuwa namchana nywele mzee mmoja, nahodha wa zamani, simu ilipolia tena. Mzee akaniashiria nipokee.

"Wameiona," Lohay akasema. "Wadudu ni wachache. Daktari anasema nimewahi. Wiki ijayo nitakuwa nyumbani na wanangu."

Nilisimama na kitana mkononi, machozi yananitiririka. Mzee akageuza kiti chake akauliza ni nani amefariki.

"Hakuna," nikamwambia. "Hakuna aliyekufa!"